Mafunzo Kabla ya Kuupanda Mlima Kenya

Chama cha Kupanda Milima cha Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1949, kina desturi ya kuwazoeza wanachama wake katika majabali ya Lukenya, karibu na Athi River, kabla ya kuukabili Mlima Kenya. Huko mwanafunzi hufundishwa kufunga mafundo, kumzuia mwenziwe kwa kamba asianguke, na kuteremka jabalini.

Miezi mikavu, yaani Januari na Februari, tena Julai hadi Septemba, ndiyo ifaayo kwa safari. Kilele cha Lenana, chenye mita 4,985, hufikiwa kwa miguu. Bali kile cha Batian, chenye mita 5,199, hakipandwi ila na mtu aliyefunzwa kazi ya kamba.

Lakini adui mkubwa ni hewa nyepesi ya juu. Hata kijana mwenye nguvu, akipanda kwa haraka, huumwa kichwa na kutapika, na maji yaweza kumjaa mapafuni akafa. Dawa ya hakika ni kushuka upesi.

Basi apandaye na aende polepole, wala asione haya kurudi. Mlima hauhami, mwaka ujao ataukuta palepale.