Mguu Unaporuka Wenyewe

Mgonjwa aliyeumia mgongo hulala wiki kadhaa miguu ikiwa imelegea kabisa. Siku moja mguu unaruka chini ya shuka. Baadhi ya ndugu hushangilia wakidhani ameanza kupona, wengine hunong'ona kwamba amepagawa. Mara nyingi si hili wala lile. Mguu ule unaeleza mahali neva zilipoumia, na anayemuuguza anastahili kuelewa unachosema.

Tuanze na kinyundo cha mpira cha daktari. Mgonjwa huketi ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, kisha daktari hugonga kano iliyo chini ya pia ya goti. Msuli wa mbele ya paja huvutika kidogo, na vihisio vilivyomo ndani yake hupeleka habari hadi kwenye ugwe mgongo, ule mshipa mnene wa neva unaopita ndani ya pingili. Humo, neva iliyoleta habari hukutana ana kwa ana na neva inayouamuru msuli. Amri hurudi, msuli hujikaza, mguu hurushwa mbele. Safari hiyo haifiki hata sehemu moja ya kumi ya sekunde, wala haisubiri ruhusa ya ubongo. Wajerumani wawili, Wilhelm Erb na Carl Westphal, waliieleza mwaka 1875, kila mmoja kivyake.

Kila kano ina neva zake. Ya goti hutegemea hasa neva ya tatu na ya nne za kiunoni. Ya kisigino hutegemea neva ya kwanza ya chini ya kiuno, inayotoka kwenye mfupa wa sakramu. Diski ya mgongo ikichomoza na kuibana neva hiyo, maumivu hushuka mguuni na kano ya kisigino upande huo hunyamaza. Njia imekatika. Neva ikiumia sana, msuli hulegea na kukonda. Ndiyo maana daktari makini hulinganisha pande mbili: kuna wazee wenye afya ambao visigino vyao vyote viwili havijibu.

Ugwe mgongo ukiumia juu zaidi, kifuani au shingoni, mambo hugeuka. Mwanzoni miguu hunyamaza kwa siku au wiki, kwa sababu ugwe umepata mshtuko. Baadaye mwitikio hurudi, tena kwa nguvu kupita kiasi, maana njia ya gotini ni nzima ila hatamu ya ubongo imekatika. Misuli hukakamaa. Ukisukuma wayo juu ghafla, kifundo hutikisika mfululizo. Ukikwaruza unyayo, kidole gumba huinuka badala ya kuinama, ishara aliyoieleza Joseph Babinski jijini Paris mwaka 1896. Kwa mtoto mchanga ishara hiyo ni ya kawaida. Kwa mtu mzima ni onyo.

Si ajali tu zinazoleta hali hii. Tarime, mkoani Mara, ilikumbwa mwaka 1985 na mlipuko wa konzo, maradhi yanayohusishwa na kula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri huku mlo ukiwa na upungufu wa protini. Miguu ya wagonjwa ilikakamaa ghafla, na magoti yao yaliruka kwa nguvu yalipogongwa. Konzo haina tiba ya kurudisha neva. Lakini kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho nacho hukakamaza miguu polepole, kina dawa, na mgonjwa akiwahi anaweza kutembea tena.

Kwa hiyo miguu ikianza kuwa mizito na migumu, usisubiri wala usikubali kukandwa au kunyooshwa mgongo kabla ya kupimwa. Maumivu ya mgongo yakiambatana na ganzi sehemu za siri na makalioni, au mkojo ukigoma kutoka, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.