Nyegere wa mbio na mpini wa jembe

Mfugaji nyuki mmoja wa Itigi amenitumia ujumbe. Nyegere amempasulia mizinga minne usiku mmoja, naye anauliza kama zamani mnyama huyu aliwahi kuwa mkubwa kuliko alivyo sasa.

Ngozi ngumu ya nyegere na ukorofi wake wafugaji wa Manyoni wanavijua kuliko mimi, kwa hiyo navipita. Twende Lothagam, magharibi mwa Ziwa Turkana, nchini Kenya. Huko ilifukuliwa mifupa ya karibu mwili mzima ya mnyama wa ukoo wa nyegere na vicheche, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 6 iliyopita. Mwaka 2003 mtaalamu wa visukuku kutoka Sweden, Lars Werdelin, alimpa jina la Ekorus ekakeran, kutokana na maneno ya Kiturkana: nyegere, na mkimbiaji. Begani alifika sentimita 60 hivi, sawa na chui. Nyegere wa Itigi hafiki hata 30.

Kwa Kiswahili tumwiteje? Nilianza na “nyegere mkimbiaji”, nikalifuta. Nyegere yeyote akifukuzwa hukimbia. Neno hilo linataja tendo tu. Tunasema farasi wa mbio hata akiwa amelala zizini, kwa sababu mbio zimo katika umbile lake. Basi huyu ni nyegere wa mbio, na naomba walimu wa baiolojia walitumie jina hili.

Mbio zenyewe zimo miguuni. Chukua jembe la mkono, lile unaloandalia shamba la uwele. Lishike mwisho wa mpini, chuma kikiwa mbali nawe, ulipeleke huku na huku haraka. Mkono utachoka upesi. Sasa ligeuze, shika karibu na chuma, mpini ndio uwe mbali. Ni jembe lile lile, kilo zile zile, lakini sasa linapepea kama fimbo ya mchungaji. Sababu ni kwamba ugumu wa kukizungusha kitu hukua kwa mraba wa umbali: uzito ukiusogeza mbali mara mbili, ugumu unakuwa mara nne.

Mguu wa mnyama ni jembe linaloning'inia begani au nyongani. Nyegere wa leo amebeba chuma mwishoni: kiganja kipana, makucha marefu, mkono mfupi mnene wenye misuli hadi chini. Kwa kupasua kichuguu au mzinga wa gogo hakuna zana bora zaidi, maana chuma kizito kikitua, ardhi inaitika. Lakini kila hatua anayopiga lazima aunyanyue uzito huo, ausimamishe, aurudishe. Nyegere wa mbio aligeuza jembe. Miguu yake ilikuwa mirefu, imenyooka, imejengwa kama ya chui. Kwa wanyama wa namna hiyo nyama nene hukaa juu, karibu na bega na paja, na chini hubaki mfupa na kano. Mpini mrefu hupiga hatua ndefu, na wepesi wa ncha huruhusu hatua nyingi. Ukipata vyote viwili, una mwindaji wa mbugani. Mzinga wako angeuacha, mbuzi wako asingemwacha.

Hata hivyo, nyegere wa mbio si babu wa nyegere wako moja kwa moja; ni wa tawi la pembeni.

Je, alifika kwetu? Mawe ya graniti yanayozunguka mji wa Dodoma yaliganda kutoka miamba iliyoyeyuka zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, kwa hiyo hayana mfupa ndani yake. Lakini kaskazini ya Itigi, upande wa Igunga, liko Bonde la Manonga. Katika miaka ya 1990 timu ya Terry Harrison ilikusanya huko visukuku vya tembo na viboko wa kale, vya miaka kati ya milioni 4 na 5 na nusu. Umri huo ni mdogo kuliko wa mifupa ya Lothagam, lakini udongo kama huo ndio wa kutafutia wanyama wa aina hii.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukichimba kisima au lambo pande za Manonga na Wembere ukakuta jino zito kama jiwe, usilitupe wala usiliuze. Liache hapo lilipo, piga picha, mwite mtendaji wa kijiji. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalilinda.