Pazia halizuii mzigo

Tela la pazia likisimama kwenye foleni ya mpaka wa Tunduma, mpita njia hawezi kujua limebeba sukari, mbolea au shaba. Pazia limevutwa likanyooka, vifungo vya ubavuni vimekazwa, lakiri ya forodha iko mahali pake. Ukililinganisha na tela la jirani lililofunikwa turubai na kuzungushiwa kamba, hili linaonekana limefungwa barabara. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Kazi ya pazia ni kukinga mvua, vumbi na macho ya watu. Kuushika mzigo ni kazi ya mikanda iliyo ndani.

Tela la namna hii asili yake ni Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Boalloy ilileta sokoni tela lililoitwa Tautliner, na shabaha ilikuwa kuokoa muda. Badala ya wapakiaji kuhangaika na maturubai, mtu mmoja anavuta pazia kando na foklifti inaingiza paleti kwa ubavuni. Baadaye Ulaya iliweka kiwango kiitwacho EN 12642, na bodi ya daraja la XL inatakiwa ubavu wake ustahimili msukumo wa asilimia 40 ya uzito wa mzigo unaoruhusiwa. Lakini sifa hiyo ni ya bodi nzima iliyokamilika, pamoja na nguzo zake na mbao za pembeni, na mzigo uwe umepakiwa kwa kubanana bila mianya. Kwa tela lisilo na daraja hilo, wakaguzi wa Uingereza hutaka mzigo ufungwe kana kwamba pazia halipo kabisa.

Uzito peke yake hautoshi

Imani iliyoenea kwenye yadi za kupakia ni kwamba mzigo mzito hauondoki. Ni kweli kwamba ukiwa mzito hugandamiza sakafu zaidi na msuguano huongezeka. Tatizo ni kwamba dereva akikanyaga breki ghafla, nguvu inayousukuma mzigo mbele nayo huongezeka kwa kiasi kilekile. Tani 1 na tani 20 zikiwa juu ya sakafu ya aina moja, huanza kuteleza kwenye breki ileile.

Kiwango cha Ulaya cha ufungaji mizigo, EN 12195-1, kinataka mzigo uzuiwe usisogee mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na kwa asilimia 50 upande wa kushoto, kulia na nyuma. Sakafu yenye msuguano hafifu huzuia nguvu ya kama asilimia 30 tu ya uzito huo. Kinachobaki lazima kitafutiwe mshikaji.

Hapo mkanda unaingia, na hapo ndipo kibandiko chake kinaposomwa vibaya. Mkanda wa kawaida wa upana wa milimita 50, wenye kibandiko cha buluu kinachoonyesha kwamba ni wa poliesta, huandikwa LC 2500 daN. Kipimo cha daN 1 ni karibu sawa na uzito wa kilo 1, kwa hiyo wengi huamini mkanda mmoja unashika tani mbili na nusu. Namba hiyo ni ya mkanda uliovutwa moja kwa moja, kutoka kwenye mzigo hadi kwenye kulabu ya sakafu. Mkanda uliopitishwa juu ya mzigo hufanya kazi kwa kugandamiza tu, na mgandamizo huo hutoka kwenye mkono wa utingo anayekaza racheti. Namba yake ni STF, na mara nyingi husomeka 350.

Tofauti hiyo ni kubwa ukiipigia hesabu. Chukua paleti moja ya tani 1 isiyoegemea kitu mbele yake, juu ya sakafu yenye msuguano wa 0.3. Kwa kanuni ya kiwango hicho, inahitaji mikanda mitatu ya STF 350 ili isiteleze mbele kwenye breki kali. Weka chini yake mkeka wa mpira unaopandisha msuguano hadi 0.6, na kwa hesabu hiyohiyo mkanda mmoja unatosha. Vipande vya mpira vinavyotupwa kando ya yadi kama takataka vinaweza kufanya kazi ya mikanda miwili.

Shaba ina mambo yake

Mzigo unaoumbua ufungaji mbovu kuliko mingine ni shaba inayotoka Zambia na Kongo kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Mita moja ya ujazo ya shaba ina uzito wa karibu tani 9. Ukizitandaza tani 30 kwenye sakafu nzima ya tela la mita 13.6, kimo chake ni sentimita 10 hivi. Kwa kuwa husafirishwa kwa mabunda ya mabamba yenye uzito wa tani kadhaa kila moja, ukichungulia ndani ya pazia unaona vichuguu vifupi vilivyopangwa kwa kuachana na nafasi tupu tele.

Ufupi huo unaunyang'anya mkanda nguvu. Mkanda unaopita juu ya bunda fupi lililowekwa katikati ya tela hushuka kwa mlalo hadi pembeni. Ukifanya pembe ya digrii 30 na sakafu, unagandamiza kwa nusu tu ya nguvu ambayo ungeitoa ukishuka wima. Juu ya hayo, kingo za mabamba ni kali, na mkanda usiowekewa kilinda pembe hukatika kidogo kidogo kila gari linapotikisika.

Dawa inayofahamika ni kuusukuma mzigo ukaegemea ukuta wa mbele, lakini mizani haikubali. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016 iliweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima, na kila kundi la ekseli lina kikomo chake. Shaba ikirundikwa mbele, ekseli za kichwa zinazidi. Inabidi mabunda yasambazwe, na mbele ya kila bunda panabaki uwazi. Kwa hiyo shaba huhitaji magogo au vyuma vya kuzuia vilivyofungwa kwenye sakafu, mikanda inayovuta moja kwa moja kuelekea nyuma, na mpira chini ya kila bunda. Gari linalotoka Tunduma huuteremka Mlima Kitonga likiwa na mzigo wake wote, na kwenye kona zake namba mbili za kiwango cha Ulaya, ya breki na ya ubavu, hudaiwa kwa wakati mmoja.

Nani anawajibika?

Mikanda hulegea kilomita za mwanzo, mzigo unapojikalisha. Dereva wa tela la wazi husimama, akazunguka gari na kukaza upya. Mwenzake wa tela la pazia lenye lakiri ya forodha hana ruhusa ya kufungua. Zaidi ya kilomita 900 kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam anabeba dhamana ya kitu asichokiona, na dalili pekee anayoweza kuipata ni pazia lililovimba upande mmoja. Pazia likivimba, utingo asilifungulie upande huo kamwe, maana kilichoegemea kitamwangukia.

Kwa hiyo ufungaji unaamuliwa kabla pazia halijavutwa, na wenye uamuzi ni watatu. Mwenye gari anunue mikeka ya mpira, vilinda pembe na mikanda yenye vibandiko vinavyosomeka, na auondoe kazini mkanda uliochanika au uliopigwa fundo. Mpakiaji aruhusu muda wa kufunga, badala ya kuita gari linalofuata foklifti inapotoka tu. Dereva naye awepo mzigo unapopangwa, ahesabu mikanda mwenyewe, na asitie saini hati ya mzigo asiouona. Mwajiri anayemwadhibu dereva kwa kuchelewa kwa sababu hiyo ajue kwamba lawama za mzigo uliomwagika Kitonga zinaanzia ofisini kwake.