Jibu la kahawa lilikuwa jikoni kwa akko

Umewahi kuulizwa kitu cha kwenu ukakosa jibu? Mimi yamenikuta. Nilikuwa nimeacha chuo, natafuta kibarua kwenye mkahawa mmoja Nairobi. Meneja akanisogezea vikombe viwili: "Hizi zote ni za Ethiopia. Yirgacheffe ni gani, Harar ni gani?" Nikabahatisha, nikakosea, kazi ikaenda.

Hebu nikupe jibu bure, usije ukaaibika kama mimi.

Ethiopia haina bahari tangu Eritrea ijitenge mwaka 1993, lakini milima inayo. Kule Kaffa, kusini-magharibi, mibuni bado inajiotea msituni. Yirgacheffe iko kusini, juu ya mita 1,700. Buni nyingi za huko humenywa na kuoshwa kabla ya kuanikwa, ndiyo maana kikombe chake ni chepesi na kinanukia maua na limau. Harar, mashariki, tunda huanikwa zima na nyama yake. Ukinywa utahisi matunda, karibu mvinyo.

Usidhani ni majina tu. Hayo majina ni pesa. Ethiopia ilipoomba kuyasajili Marekani mwaka 2005, ilivutana na Starbucks hadi wakaelewana 2007.

Sasa njoo kwetu Garbatulla. Kwa joto hili huwezi kuotesha mbuni hata mmoja. Lakini sisi Waborana kahawa tunaiita buna, na kwenye sherehe tuna buna qalaa. Akko, yaani nyanya, huchukua matunda makavu ya kahawa na maganda yake, anayang'ata ncha moja moja, kisha anayakaanga kwa samli. Yanapasuka, nyumba inanukia, dua zinaombwa. Hiyo kahawa hainywewi, inatafunwa, na maziwa yanafuata.

Umeona? Tunda lililoanikwa zima, kama la Harar. Ile ladha niliyoshindwa kuitambua Nairobi nilikuwa nimeitafuna tangu utotoni!

Shida ni kwamba buna qalaa inataka samli na maziwa, yaani inataka ng'ombe. Kati ya 2020 na 2023 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, mifugo ikaisha. Zizi letu lilibaki na ng'ombe mmoja, tena mkavu. Akko akafunga buna yake kwenye kitambaa, akaiweka sandukuni. Sisi tukazoea kahawa ya pakiti, ile ya kukoroga.

Mwezi uliopita yule ng'ombe alizaa. Siku samli ilipopatikana, akko alifungua kitambaa, akanisukumia sinia. "Meno yangu yameisha," akasema. "Ng'ata wewe."

Nilianza vibaya, nikayavunja kadhaa. Hakunisamehe hata moja. Kufikia magharibi nilikuwa nimejua.

Kwenu nani anajua kitu ambacho wewe hujui? Wikendi hii usimpigie simu. Nenda ukaketi naye, na uombe sinia.