Matuta ya Fanya Juu
Atokaye Dallas, mtaa wa mji wa Embu, akiteremka kuelekea Mbeere, huona mashamba yaliyokatwa ngazi ngazi. Hayo ndiyo matuta ya fanya juu. Mtaro huchimbwa kukingama mteremko, na udongo wake hutupwa upande wa juu. Mvua inyeshapo, tuta huzuia maji na rutuba visiporomokee mtoni. Juu yake hupandwa majani ya ng'ombe, ambayo mizizi yake hushika udongo.

Wakati wa ukoloni watu walichimba kwa kushurutishwa, wakaichukia kazi hiyo. Baada ya Uhuru wa 1963 mambo yaligeuka: majirani, wengi wao wanawake, walijiunga katika vikundi wakachimba kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Hivyo hata mjane aliye peke yake hupata matuta kabla ya mvua za Machi.