Wapelelezi wa maradhi huanza na habari yako

Je, majirani watatu wakipatwa na macho ya manjano kwa wiki moja, utamwambia nani? Huenda ukasema hiyo ni kazi ya daktari. Lakini daktari humtibu mgonjwa aliye mbele yake. Kuna wataalamu wengine ambao huuliza: ni wangapi wameugua, wapi, lini, na walikula nini? Hao ni wataalamu wa epidemiolojia, wapelelezi wa maradhi.

Kumbuka mwaka wa 2004. Watu wa Makueni, Kitui na sehemu jirani walianza kuugua ini. Kufikia Julai 20, wagonjwa 317 walikuwa wameripotiwa na 125 kati yao wakafariki. Wachunguzi waliwalinganisha wagonjwa na majirani wao wazima. Ikabainika kwamba mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu yalikuwa na aflatoksini, sumu itokanayo na kuvu. Waliohifadhi mahindi ndani ya nyumba badala ya ghalani walikuwa katika hatari kubwa zaidi.

Mwaka huo huo Kenya ilianzisha mpango wa kuwafunza wapelelezi hawa, ambao hujifunza muda mwingi wakiwa nyanjani. Lakini maradhi hayaulizwi pasipoti mpakani. Ndiyo sababu mwaka wa 2005, mipango ya mafunzo ya Kenya, Uganda, Ghana na Zimbabwe iliungana na kuunda chama cha AFENET, chenye makao makuu Kampala. Kupitia chama hicho, nchi wanachama hufunzana na kusaidiana mkurupuko unapotokea.

Faida yake? Ebola ilipoingia Lagos kwa ndege mwaka wa 2014, Nigeria tayari ilikuwa na wataalamu waliofunzwa hivyo. Walisaidia kumtafuta kila aliyekutana na wagonjwa na kumpima joto siku baada ya siku. Nchi nzima ilipata wagonjwa 20 pekee.

Hata hivyo, mpelelezi hawezi kufuata asichoambiwa. Ukiona watu kadhaa wakiugua kwa namna moja, au kifo cha ghafla kisichoeleweka, nenda kituo cha afya kilicho karibu, au umjulishe mhudumu wa afya ya jamii au chifu. Taja mahali, siku na idadi. Na mahindi yaliyoota kuvu usiyale wala kuyauza: kuyapika hakuondoi sumu.