Nusu nyumba iliyokamilika

Pita pembezoni mwa Dar es Salaam, Chanika, Bunju au njia ya Kibaha, uangalie mapagale. Kuta zimefika kwenye linta, bati hakuna, majani yameota sebuleni. Mengi ni ya vijana waliopata kiwanja, wakanunua ramani ya vyumba vinne, akiba yote ikaishia kwenye msingi na boma. Miaka inapita, bado wanalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo huku mvua ikizila tofali zao. Kwa kijana mwenye kipato cha kawaida nina ushauri mmoja: jenga mita za mraba 30 hivi, uzimalize, uhamie, kisha uongeze.

Wazo hili limeshajaribiwa kwa vitendo. Iquique, kaskazini mwa Chile, msanifu Alejandro Aravena na wenzake wa Elemental walitakiwa kuzipatia makazi familia zinazokaribia 100 kwa ruzuku ya dola 7,500 kwa kila familia, ardhi na miundombinu vikiwa humo humo. Fedha hiyo haikutosha nyumba nzima. Wakajenga nusu iliyo ngumu kwa mtu kujijengea, yaani muundo, paa, jiko na bafu, wakaacha nafasi pembeni ambayo familia zenyewe zilikuja kuijaza. Mwaka 2016 Aravena alipewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa kabisa ya usanifu majengo.

Kwetu, kinachoamua gharama kwanza ni umbo. Chukua mstatili wa mita 8 kwa 4: chumba upande mmoja, sebule upande mwingine, jiko na bafu vikipeana mgongo ili mabomba yote yapite kwenye ukuta mmoja. Kona nne, basi. Kila kona ya ziada ni mbao, bati, kofia na siku za fundi. Vile vijipaa vinavyopandiana, ambavyo sasa ni fasheni, ndivyo vinavyomaliza fedha na ndivyo vinavyoanza kuvuja.

Kwa ukuta, napendekeza tofali za kufungamana za udongo na saruji, ambazo wakala wetu wa utafiti wa nyumba bora, NHBRA, umezihimiza kwa miaka mingi. Udongo huchanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Hazichomwi, kwa hiyo hakuna mti unaokatwa kwa ajili ya tanuru, na kwa kuwa zinashikana zenyewe kwa zenyewe, saruji ya kujengea hupungua sana.

Ila udongo lazima upimwe, na kipimo chenyewe ni rahisi. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, ukipake oili ndani. Jaza udongo uliolowa, ushindilie, ukiache kivulini wiki moja. Udongo ukikauka utasinyaa. Usogeze wote upande mmoja, kisha pima pengo lililobaki. Likiwa chini ya sentimita moja hivi, sehemu 1 ya saruji inatosha kwa sehemu 18 za udongo. Likikaribia sentimita 5, unahitaji sehemu 1 kwa 12. Likizidi hapo, mfinyanzi ni mwingi mno: ongeza mchanga au tafuta udongo mwingine. Tofali zikishatoka kwenye mashine zifunikwe na kumwagiliwa angalau siku 7. Fundi mwenye haraka huiruka hatua hii, na tofali zake humeguka kwa kidole.

Joto la nyumba zetu hutoka juu. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo saa sita mchana jua huwa karibu na utosi kwa sehemu kubwa ya mwaka, na asubuhi na jioni huchoma kuta za mashariki na magharibi. Basi pande fupi zielekezwe huko, na madirisha yawekwe kwenye pande ndefu, yakitazamana, ili kusi na kaskazi zipite ndani. Bati liwe la rangi nyeupe au ya maziwa. La kahawia iliyokoza, linalopendwa sana, hunyonya joto na kulishusha chumbani. Acha matundu yenye wavu juu ya dari. Upenu wa sentimita 80 utakinga kuta za udongo na mvua.

Paa hilo hilo ni chanzo cha maji. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Jiji hupata takriban milimita 1,100 kwa mwaka, kwa hiyo paa la mita za mraba 50, pamoja na upenu, linaweza kukupa zaidi ya lita 40,000 hata baada ya kuondoa zinazopotea. Gata na tangi vinunuliwe kabla ya vigae.

Upanuzi upangwe tangu siku ya kwanza. Chora nyumba nzima, kisha ujenge sehemu yake. Paa liwe la migongo miwili, linaloweza kurefushwa bila kubomolewa. Kwenye ukuta mfupi wa sebule weka linta mahali mlango wa baadaye utakapokuwa, na chini yake panga tofali bila saruji ili ziondolewe kirahisi. Shimo la maji taka lichimbwe nje kabisa ya eneo la vyumba vijavyo, mahali ambapo gari la kunyonya litafika hata vyumba hivyo vikishasimama.